Nilipunguza Uzito wa Gari Inayobeba Watoto wa Dada Yangu

Admin, naomba unifiche vizuri. Usiweke hata herufi ya kwanza ya jina langu, kwa sababu Sultan Hamud ni mji mdogo na watu wa hapa wakishika habari ya mtu wanaitafuna mpaka mfupa.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, fundi wa magari. Sijisifu, lakini ukitaja turbo upande huu, ile mashine ya kusukumia injini upepo, watu wananitaja mimi. Jumamosi hii familia yangu inapeleka mbuzi wa ntheo kwa kina mchumba wangu, mji wa Kwa Vonza. Kwetu Wakamba bila hao mbuzi, hata mkizeeka pamoja, huyo hajawa mke wako. Baba yake ametuahirisha mara mbili, na sasa amekubali nilipaswa kuwa na furaha. Badala yake nimeshindwa kula tangu Jumatatu.

Shida ni gari ya shemeji yangu. Amemuoa dada yangu mkubwa, wanaishi Nunguni, ana duka la vifaa vya ujenzi, na kanisani ni mzee wa kanisa wa kuheshimika. Kitu dada hajui ni kwamba huyo mzee wa kanisa hushindana zile mbio za magari mawili kwenye mstari ulionyooka. Jumapili akitoka ibada ya kwanza anasema anaenda kuona mzigo wa simenti, kumbe anakuja kwangu.

Mwaka jana aliniambia, "Shem, hii gari inaweza, ni wewe tu umelala." Alinigusa penyewe. Nikaweka turbo kubwa zaidi na klachi ngumu, nikaifungulia injini mafuta na upepo mpaka ikawa inanguruma hata kabla hujaikanyaga. Ikashinda. Nikasikia watu wakiulizana fundi ni nani, na acha niseme ukweli, nilivimba kichwa.

Halafu tukapata mpinzani tuliyeshindwa kumpita. Shemeji akasema injini imefika mwisho, kilichobaki ni uzito. "Toa kila kitu chenye haisaidii kukimbia," akaniambia. Nikatoa. Nilianza na tairi ya spea na mazulia. Nikatoa airbag, ile mifuko ya hewa inayofumuka ajali ikitokea, na taa yake kwenye dashibodi nikaizima dada asije akauliza. Nikafungua milango nikakata vile vyuma vya ndani vinavyozuia mlango usikunjike ukigongwa ubavuni, kisha nikarudisha plastiki juu. Huwezi kujua.

Kiti cha nyuma tunakitoa kila siku ya mbio, na kufungua bolti zote kila mara kulituchosha. Nikakifanya cha kuchomeka. Mikanda yake nayo nikaitoa kwenye bodi nikaifunga kwenye kiti chenyewe. Ukifunga inalia klik vizuri kabisa. Lakini mkanda umeshika kiti, na kiti hakijashika kitu.

Shemeji mwenyewe siku ya mbio anavaa helmeti, anakalia kiti cha mashindano na kujifunga mikanda minne. Jumatatu tunarudisha kiti cha kawaida, dada anapeleka watoto watatu shule. Siku moja nilimuuliza, "Na watoto, shem?" Akacheka. "Mama watoto anaendeshanga kama amebeba mayai." Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Wiki mbili zilizopita dada alinipigia. "Ndugu yangu, hii gari imekuwa nyepesi. Nikishuka mlima na mvua, nyuma inacheza. Iko sawa kweli?" Nikasema iko sawa. "Apa kwa Ngai." Nikaapa kwa jina la Mungu.

Jumatatu alipita gereji na kitinda mimba wake wa miaka minne. Mtoto alijifunga mwenyewe, akaniita, "Anko, ona! Nimefunga mkanda!" Nikampongeza.

Siku hiyo ndipo dada aliniambia mpango wa Jumamosi. Yeye ataendesha hiyo gari, abebe watoto na mama yetu. Watashuka Nunguni alfajiri, waingie barabara ya Mombasa katikati ya malori, wazunguke Machakos mpaka Kwa Vonza. Shemeji atatangulia na wazee na mbuzi kwa gari nyingine, kwa sababu yeye ndiye msemaji wetu.

Nilimpigia shemeji nikamsihi, tuwatafutie gari nyingine, au aniachie nirudishe kiti na mikanda kwenye bodi. Hakupandisha sauti.

"Usiguse hiyo gari," akasema. "Jumapili tuko na mbio. Na ukifungua mdomo kwa dada yako, tafuta msemaji mwingine wa kukupeleka kwa wakwe. Halafu jiulize nani alishika grinda akakata hizo vyuma. Si mimi."

Akakata simu. Kinachoniumiza ni kwamba hajasema uongo. Kiti naweza kukirudisha kwa saa moja, lakini chuma nilichokata kwenye mlango hakirudi. Nikisema, ntheo inavunjika, ndoa ya dada inaingia moto, na mchumba wangu atasikia ni mtu wa aina gani alitaka kumuoa. Nikinyamaza, wanapanda hiyo gari kwa ajili ya sherehe yangu. Najua wengi mtaniandikia "sema tu." Nimeandika ujumbe kwa dada mara nne na mara nne nimeufuta. Mimi ni mwoga, sikujua kama ni kiasi hiki.

Jana jioni mama alinipigia kuniambia amepata kitambaa kipya cha kichwa. Akasema kiti cha mbele hakitaki, atakaa nyuma katikati ya wajukuu, awashike wakisinzia.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, leo ni Alhamisi. Nishaurini, naanzaje kumwambia mama yangu?