Sahihi Arobaini na Moja za Mzee Habibu

Machakos nzima ilimjua kama Habibu wa Kotini, na hata leo, miaka mitatu baada ya kustaafu, ukiiulizia nyumba yake kwa jina lingine utazunguka nyuma ya msikiti hadi jua lizame. Kwa miaka thelathini na moja alisimama kortini kati ya hakimu na watu, akigeuza Kiingereza kuwa Kikamba na Kikamba kuwa Kiingereza. Kikamba alikinyonya kwa mama yake, mtu wa Kathiani. Kiingereza alikipata kwa fimbo shuleni. Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, cha baba yake aliyeshona kofia.

Kazini alikuwa mgumu kama kuni mbichi. Siku moja hakimu mwenye haraka zake alimwambia aruke maneno kidogo, naye Habibu akafunga mikono akasema, "Mheshimiwa, huyu mama bado hajaelewa." Korti nzima ikangoja mpaka mama akaelewa. Kisa hicho kilisimuliwa sana vibandani, na Habibu, tusimpake mafuta, alipenda mno kukisikia.

Kisha akastaafu, na mji ukamsahau. Waliokuwa wakimwamkia kwa adabu kwenye ngazi za korti wakawa wanampita kama nguzo ya stima. Asmaa, mkewe, alimwona akivaa koti la kazini siku ya Jumatatu ili aende kununua mkate. Nayasema haya mapema kwa sababu wako wanaosema Habibu alinunuliwa. Uongo. Hakununuliwa, aliitwa tu, na mtu aliyesahauliwa akiitwa hukimbia.

Aliyemwita ni wakili kijana, Wagaki, wa kampuni moja kubwa ya Nairobi iliyokodiwa na kaunti. Kule Katelembo familia arobaini na moja zilikuwa zimeishtaki kaunti, kwa kuwa ilitaka mashamba yao ijenge maghala. Hawakuwa na wakili. Walijiandikia mashtaka yao wenyewe, makosa na yote. Wagaki alifika kwa gari jeusi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akamwita Habibu "Mwalimu."

"Ni form kidogo tu, Mwalimu," alisema. "Kaunti inataka kupima hayo mashamba ndio ipitishe bomba la maji. Wazee wakubali kupimiwa, basi. Lakini hawasomi Kiingereza, na sheria inataka mtu awasomee kwa lugha yao. Kila nikiuliza, watu wananitajia wewe."

Asmaa alikuwa akimimina chai. Aliinua macho, akaona shingo ya mumewe imenyooka kama zamani, akajua ameshakubali.

Walikutana na watu ukumbini mwa kanisa, Katelembo, siku ya Jumatano. Wa kwanza kuitwa mezani alikuwa Mukai, mjane aliyevuka miaka sabini. Habibu alianza kama alivyozoea: aya ya kwanza, polepole, kwa Kikamba safi, kisha ya pili. Alipomaliza ya nne, wingu zito lilikuwa limeshuka juu ya vilima vya Mua, na Wagaki akamwinamia sikioni.

"Mwalimu, wako arobaini na moja. Hizo zingine si ni maneno ya mawakili tu?"

Habibu aliitazama karatasi. Zilibaki aya nane za herufi ndogo kama chawa. Akawatazama watu kwenye mabenchi, nao wote walikuwa wakimtazama yeye. Basi akawaambia kwa Kikamba, "Yaliyobaki ni maneno ya mawakili." Wakacheka, maana likisemwa na Habibu wa Kotini limekwisha. Mukai akaweka kidole. Chini ya kidole palikuwa na mahali pa sahihi ya Habibu, juu yake pameandikwa kwamba ameisoma hati yote na kuifafanua, na mwenye kidole ameielewa. Alitia sahihi mara arobaini na moja. Usiku huo alilala fofofo, Mungu amsamehe.

Wiki mbili baadaye zikaanza shukrani. Ngui, jirani yake Mukai, alileta kuku. Mwingine akaleta pojo debe zima. Siku ya Alhamisi akaja Mukai mwenyewe na kiondo cha mapapai, akaketi sebuleni akipangusa jasho.

"Karani, hilo bomba litapita upande gani wa shamba? Nataka kupanda nyanya."

"Nitakuulizia, mwaitu, mama yangu. Kesi yenu inatajwa lini?"

"Jumanne. Lakini msichana mmoja wa kaunti alitupigia simu, akasema tusisumbuke kuja. Eti kila kitu kiko sawa."

Habibu aliinuka kitini. Miaka thelathini na moja ya korti ilikuwa imemfundisha kwamba anayeambiwa asije kwenye kesi yake ameshahukumiwa. Aliingia chumbani, akatoa nakala yake kwenye droo, akavaa miwani. Aya ya tisa ilisema mlalamishi ameiondoa kesi kwa hiari yake, hana dai lolote juu ya shamba lile, na atahama kabla siku tisini hazijaisha.

Aliisoma mara tatu. Kule sebuleni Mukai alikuwa akicheka na Asmaa. Na Habibu, aliyewahi kumsimamisha hakimu, akasema kupitia mlangoni kwamba kichwa kinamuuma, akakaa kitandani mpaka yule mama akaenda zake. Mimi ningemzaba kofi.

Ijumaa asubuhi alipanda ngazi hadi kwenye ofisi ambayo kampuni ilikodi mjini. Wagaki alifunga mlango, akammiminia maji.

"Mliwaambia ni bomba," Habibu alisema. "Watu wasio na wakili, mnashtakiana nao, mnawafuata hadi kanisani kuwawekesha kidole. Huo ndio uwakili mliosomea?"

"Bomba liko kwenye mpango, Mwalimu. Ukurasa wa mia mbili na kumi." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Nikuulize na mimi. Nani aliwasomea? Mimi sijui Kikamba. Nilitafuta mtaalamu, mtaalamu akatia sahihi kwamba amesoma yote. Kama hakusoma, basi amenidanganya mimi, akadanganya kaunti, akadanganya korti. Kifungo chake unakijua kuliko mimi."

Habibu aliyasukuma kando yale maji.

"Jumanne hakimu anaweza kuuliza kama walielewa," Wagaki akaendelea. "Wewe ndiye shahidi wetu. Nitakutumia dereva, usihangaike na usafiri."

Dereva hakungoja Jumanne. Jumamosi alfajiri lile gari jeusi lilikuwa limeegeshwa kwenye kona ya msikiti, vioo vimepandishwa. Habibu alipokwenda dukani likawasha injini, aliporudi likazima. Adhuhuri lilikuwepo. Magharibi lilikuwepo. Hakuna aliyeshuka wala aliyesema neno baya.

"Nenda ukawaambie," Asmaa alisema.

"Nitafungwa."

"Basi nitakuletea chakula."

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, Habibu alitokea mlango wa nyuma wa msikiti akaenda Katelembo. Alimkuta Mukai uani akichambua maharagwe kwenye ungo. Hakukubali kiti. Alisoma akiwa amesimama, aya zote kumi na mbili, na sauti yake iliyojaza korti miaka yote hiyo ikawa inakatika. Hadi aya ya nane mikono ya Mukai iliendelea kuchambua. Kwenye ya tisa ilitulia. Alipofika mwisho, Habibu aliinamisha kichwa angoje laana, maana Mkamba anajua laana ya mama mzee ni kitu gani.

Haikuja. "Wangapi hawajui?" Mukai aliuliza.

"Arobaini."

Mukai alisimama, akajifunga leso, akavuta mlango. "Leo wote wako nyumbani. Twende ukawasomee."

"Mwaitu, waambie wewe. Wewe watakuamini."

"Mimi niliweka kidole kimoja," alisema. "Sahihi arobaini na moja ni zako."

Akatangulia. Habibu akamfuata, karatasi mkononi, na walipokaribia kwa Ngui akasikia gari likipunguza mwendo kule barabarani. Hakugeuka kulitazama. Ngui alikuwa uani akinoa jembe. Alipomwona mgeni wake uso ukamng'aa, akamwita mkewe aweke chai haraka, mtu wetu wa korti amekuja, kisha akaja mbio kumlaki, mikono yote miwili mbele.

"Usinipe mkono, Ngui," Habibu alisema. "Kaa chini kwanza nikusomee."