Shemasi Orval na Chura wa Plastiki

Orval Stubblefield, kinyozi na shemasi wa kanisa la Wabatisti pale Tumlin, Alabama, alikuwa na subira na kila kitu isipokuwa samaki. Mezani aliomba mpaka mchuzi ukaganda utando. Aombee mvua, aombee magoti ya shangazi zake, goti baada ya goti. Lakini mpeleke ziwani, mpe fimbo ya kuvulia yenye chura wa plastiki wa kunasia samaki, amburute juu ya magugu, utamwona mtu mwingine kabisa.

Na chura yule anataka subira, asikudanganye mtu. Besi, yule samaki wa mdomo mpana, hujificha chini ya magugu mazito. Akimsikia chura akipita juu yake, hulipuka: pwaa! Hapo ndipo washamba huvuta, wakamnyang'anya tonge mdomoni. Ungoje afumbe mdomo, azame naye, ndipo uvute kwa nguvu zako zote. Orval miaka yote alivuta kwenye pwaa.

Mkewe Nadine, fundi wa uvuvi huo, alivumilia mpaka akachoka. Mashindano ya uvuvi ya wawili wawili yalipokaribia, alimwambia wazi:

"Haraka haina baraka, mume wangu, na kwako haina hata samaki. Ukimpoteza besi mwingine kwa pupa, mwakani naingia boti ya Harlan Tidwell."

Harlan! Jirani mwenye boti mpya na meno mapya. Nyumbani Nadine alikuwa na televisheni yake, naye alikuwa na waumini wake; botini tu ndiko walikozungumza.

"Sasa nifanyeje?"

"Samaki akilipuka, omba. Sala fupi ya chakula. Ukisema amina, vuta."

"Hiyo si kazi hata kidogo!"

Siku ya mashindano walizunguka mpaka jua likawa la utosi, hawajapata kitu. Nadine akamwonyesha upenyo kati ya magugu. Orval akarusha. Chura akaruka, akatulia, akaruka tena. Pwaa! Magugu yakapasuka.

"Omba!" Nadine akapiga kelele.

Akaomba. Lakini mtu aliyelelewa na mama Mbatisti haombi amekodoa macho na kofia kichwani, thubutu! Orval alivua kofia kwa mkono mmoja, akafumba macho, akainamisha kichwa. "Ee Bwana, tunakushukuru kwa riziki hii, na umkumbuke dada Eunice na nyonga yake..." Na Nadine, mazoea yana taabu, naye akainama.

Besi yeye si mlokole, hakungoja. Fimbo ilichomoka mkononi, ikateleza majini.

"Amina!" alisema Orval, akavuta hewa tupu.

Mwanamume asiyejua kuogelea, anayeogopa nyoka kuliko shetani, akajitosa na mabuti yake. Bahati yake, maji yalimfika kifuani.

"Nimemkamata! Nadine, nimemkamata! Aa, gogo!"

Alipoibuka alikuwa na fimbo, mshipi uliokatika, na magugu mpaka masikioni.

"Nisamehe, mke wangu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Usiende kwa Harlan."

Akachungulia botini. Nadine alikuwa amelala sakafuni mwa boti, ameshika mbavu, anacheka mpaka sauti imemwishia. Alicheka hata akashindwa kuwasha mashine. Walipofika ufukweni mizani ya kupimia samaki ilikuwa inafungwa, nao mikono mitupu.

Harlan akawajia anametameta, besi wawili mkononi.

"Pole, shemeji," akamwambia Nadine. "Kile kiti nilichokuahidi cha mwakani nimeshakipangusa."

Nadine akajifuta macho.

"Kaa nacho, Harlan. Kwenye boti yako watu wanavua samaki tu."

Orval alisikia. Aliona aibu, akaona raha, vyote kwa pamoja, akaenda kupanga foleni ya samaki wa kukaanga akiwa amelowa chapachapa.