Maboya ya Rangi ya Ufizi

Fundi wa meno ya bandia alikuwa na ugonjwa ambao mkewe aliuita homa ya ndege. Kazini alikuwa mtu wa utulivu. Alimimina plastiki ya waridi kwenye umbo la ufizi, akapanga meno, kisha akakisugua kipande chote kwa unga wa kung'arishia mpaka kikateleza kama kokoto ya mtoni. Ufizi wenye mikwaruzo huumiza mdomo, na yeye hakutaka kumuumiza mtu. Lakini saa za kazi zikiisha alivua koti jeupe, akaenda nyumbani karibu mbio, na kuketi kwenye meza ya kulia ambayo kwa muda mrefu haikuwa imeonja sahani.

Juu ya meza hiyo ilikaa ndege ya mfano, ya kivita, ya injini nne, ya kudondosha mabomu, mabawa yake yakienea kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Aliinunua ikiwa vipande ndani ya boksi, ila hakutaka kuiunda kama picha ya kwenye boksi. Yeye na wenzake wa chama cha waunda ndege walipenda zaidi zile walizoziita ndege za ingekuwaje. Hazikuwahi kuruka popote, lakini zingeweza kuruka laiti mambo yangekwenda vingine.

"Mama watoto, hebu fikiri," alisema jioni moja, macho yakimwaka. "Ingekuwaje kama vita vingeharibu viwanja vyote vya ndege?"

"Watu wangelala usingizi," alijibu mkewe, muuguzi, aliyekuwa akila huku amepakata sahani.

"Hapana! Ndege ingetua ziwani! Naivua magurudumu, naivalisha maboya mawili hapa chini, inaelea!"

"Haya, naona inaelea. Na mgongo wangu je? Baba watoto, nimechoka kula kama abiria. Tukubaliane. Ikishinda kwenye maonyesho, nitaendelea kupakata sahani, tena huku nikiimba. Isiposhinda, meza inarudi kuwa meza."

"Nimekubali!" alisema upesi, bila hata kuweka brashi chini.

Maboya hayakuwemo kwenye boksi, kwa hiyo aliyamimina mwenyewe kwa plastiki ile ile ya ufizi. Aliinunua dukani kama mteja yeyote, maana hakuwa mtu wa kuchota vya kazini, tabia ambayo wengi siku hizi huiita ujanja wakati jina lake halisi ni wizi. Mkono ukafuata mazoea. Akasugua, akang'arisha, akasugua tena, mpaka maboya yakawa yanaakisi taa. Akayapulizia rangi ya kijivu, akasimama nyuma kuitazama ndege nzima, akapiga kofi moja la furaha lililomshtua paka.

Siku ya maonyesho ukumbi wa maktaba ulijaa. Watu waliisonga meza yake, wengine wakipiga picha, wengine wakibishana kama ndege nzito kiasi kile ingeweza kunyanyuka majini.

"Leo umetumaliza," alisema rafiki yake, dereva wa lori waliyemwita Skrubu. "Shemeji, anza kukohoa uweke sauti sawa. Leo utaimba!"

Mkewe akacheka. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, na licha ya mgongo wake, naye alitamani ishinde.

Mwamuzi, mzee mwenye miwani minene, aliinua ndege ili aone tumbo lake. Alipoirudisha mezani, utando wa rangi ya kijivu ulikuwa umebaki kwenye kidole gumba chake. Kwenye boya, pale kidole kilipogusa, pakang'aa waridi.

Fundi alielewa papo hapo. Rangi huhitaji mikwaruzo ya kushikilia, na yeye alikuwa ameyang'arisha maboya kama meno ya mteja.

Lakini mwamuzi, ambaye hakuwa amekitazama kidole chake, akatabasamu. "Ahaa! Rangi ya chini ya boti, ile ya kuzuia konokono wasigande! Na ile ya juu imechubuka kwa kutua mara nyingi. Umefikiria mbali, fundi!"

Skrubu alimfinya kiuno. "Itikia," alinong'ona. "Ungeitikia tu, ungeshinda."

Kuitikia kungekuwa kitu chepesi. Hapakuwa na aliyejua, na nani angeumia? Ndivyo uongo unavyoomba nafasi siku zote, kwa upole na kwa sauti ya rafiki.

"Hapana, mzee," fundi alisema. "Huo ni ufizi."

"Ni nini?"

"Ufizi wa meno ya bandia. Niliusugua mno, rangi ikakosa pa kushika. Sikukusudia. Nimekosea."

Ukumbi ulicheka mpaka mwamuzi akavua miwani kupangusa machozi. Kisha akaivaa, akapunguza alama, kwa sababu kosa ni kosa. Kombe likaenda kwa mwalimu wa hesabu na helikopta yake yenye mabawa.

"Mtu mgumu wewe!" Skrubu alilalamika nje. "Chama kizima kinaishi kwa ingekuwaje, wewe umeshindwa moja tu?"

"Hiyo 'nge' ni ya ndege," fundi alijibu. "Mimi mwenyewe sina."

Nyumbani, kabla hajaombwa, alianza kuhamisha makopo ya rangi. Mkewe hakumzuia, maana ahadi ni ahadi. Alifuta meza, akapakua, wakaketi wakitazamana. Ndege ilikuwa juu ya kabati, waridi ikichungulia kwenye boya.

"Baba watoto," mkewe alisema baada ya matonge machache, "yale maboya ukiyakwaruza kwa msasa, rangi itashika?"

"Itashika kama kupe!"

"Na ukiiundia sebuleni, kwenye ubao wa kupigia pasi? Nguo hupigwa pasi Jumapili tu."

Alikuwa ameshasimama, tonge likiwa bado shavuni, akiuliza msasa umewekwa wapi.

"Kaa kwanza umalize chakula!" mkewe alisema, naye akinyanyuka kwenda kuufungua ubao.