Mshika Ncha ya Karatasi

Fundi cherehani alimzoea mumewe kama watu wanavyozoea redio: hata akiwa anafanya mengine, sikio moja liko kwake. Mume alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, mtaa mzima ukimwita Rula. Enzi zile alichorea sebuleni, mezani, kwenye karatasi kubwa kama shuka. Karatasi yenyewe ilikuwa na kiburi: ukiiachia upande mmoja, inajikunja na kwenda kulala. Kwa hiyo kila jioni mke alikaa ncha ya pili, kaikandamiza kwa viwiko, umbea ukaanza. Nani kagombana na nani, nani kanunua kochi lisiloingia mlangoni. Rula alicheka mpaka mstari ukapinda. Akaufuta, akapuliza vumbi la raba, akasema, "Ehe, ikawaje?"

Hiyo "ikawaje" ndiyo aliyokuja kuikosa mke.

Kwa sababu ikaja kompyuta, na kompyuta haihitaji mtu wa kuishika. Iliwekwa pembeni imeegemea ukuta, Rula akaielekea, nyumba ikabaki kuishi na kisogo chake. Kisogo kizuri, hakuna anayebisha, ila hakijibu. Umwambie chakula tayari, "Mm." Umwambie paa linaungua, nadhani angesema, "Mm, nakuja." Meza ya kuchorea ikahamia dukani kwa mke, ikawa ya kukatia vitambaa.

"Dada, bora angekuwa na mwanamke," mdogo wake alimtania pale dukani. "Ungeenda kumvuta nywele, yakaisha."

"Sasa hiki nitakivuta nini? Waya?"

Walicheka. Mdogo mtu alipoondoka, fundi alibaki kaweka viwiko juu ya meza ile, kama bado kuna karatasi chini yake.

Jumamosi moja akaamua kujaribu. Akavuta kiti karibu na kisogo, akaanza kisa cha mteja aliyeleta suruali ya mumewe ipunguzwe mapaja, kumbe mume mwenyewe hajaulizwa, na huyo anakuja mbio barabarani kavaa kikoi.

"Hebu nyamaza kidogo," Rula alisema bila kugeuka. "Unanivuruga."

Feni ya kompyuta ikasikika. Rula naye, taratibu, akasikia alichokisema. Akageuka. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikabonyeza ukingo wa kiti, upesi upesi, mahali pasipo na kitufe chochote. Mke alivijua vidole hivyo. Vilibonyeza hivyo hivyo siku Rula alipoangusha birika. Kwenye kompyuta yake, ukikosea unabonyeza vitufe viwili, kosa linafutika kama halikuwahi kuwepo.

"Unafuta nini, mume wangu?" aliuliza. "Mimi?"

Rula akaviondoa vidole kitini.

"Nakwenda kukaa kwa mdogo wangu. Ukisikia kimya usishtuke, ni kile ulichoagiza."

Hakutaka kwenda. Alifunga begi polepole mno, akitega sikio, akisubiri neno moja tu. Lilitoka "mm".

Siku zikapita. Asubuhi moja Rula akatokea dukani na bomba la karatasi kwapani, kasimama mlangoni kama aliyetumwa kuazima chumvi.

"Kompyuta imekufa?" mke aliuliza, mguu ungali kwenye cherehani.

"Nzima."

"Sasa?"

"Karatasi inajikunja."

Mke akasukuma vitambaa kando. Akashika ncha yake. Rula akachora. Mkono ulikuwa umesahau. Mstari ulitambaa kama uzi uliokatika. Vidole vya kushoto vikabonyeza meza, mara mbili. Mke akaviwekea kiganja chake juu.

"Huku hakuna hiyo. Futa kwa jasho lako."

Akafuta. Simu ikanguruma mfukoni. Bega la Rula likainuka kuifuata, kisha likashuka lenyewe. Akapuliza vumbi la raba.

"Ehe," akasema. "Yule wa kikoi. Ikawaje?"

Mke alikuwa na visa vya miaka, amevipanga kichwani kama majora ya vitambaa. Sasa vyote vikasukumana kutaka kutoka kwa mara moja. Akakandamiza ncha ya karatasi kwa viwiko vyote viwili.

"Subiri," alisema. "Nakuja."

Rula akaweka penseli chini, akasubiri.