Mwanga Juu ya Jiwe la Mama

Kazi yangu ni kutengeneza kadi za harusi na mabango ya biashara, pale Nyakato, katika chumba chenye kompyuta mbili ambazo moja ndiyo inafanya kazi. Mtu wa namna hiyo akinunua kishikwambi na kalamu yake, akatazama masomo ya mtandaoni mwezi mzima, huanza kujiita mchoraji wa mandhari. Mimi nilijiita hivyo hata kabla mwezi haujaisha. Nilianza kutembea barabarani nimefumba jicho moja, nikipima vivuli vya watu.

Mwaka jana tulimhamisha mama kutoka nyumba yake ya mlimani Ilemela, kule kwenye mawe juu ya ziwa, tukampeleka Misungwi kwa dada yangu, kwenye uwanda tambarare. Magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda. Alikubali kwa mdomo tu. Siku ya kuhama alilalamikia kila kitu: gari dogo, kuku wamefungwa vibaya, michembe yake, vile vipande vya viazi vitamu alivyovikata na kuvianika vikauke, imeachwa juani. Nilimwambia michembe inauzwa hata sokoni Misungwi, nikapiga picha ya mwisho kwa simu kutoka mlangoni, tukaondoka.

Kwa dada aligoma kufungua begi. Lilikaa kwenye kiti karibu na kitanda, zipu imefungwa, na kila nilipompigia simu aliniuliza ni lini nitamrudisha kwake. Dada alikuwa amechoka. Mimi nilikuwa naogopa, maana mama ni mtu wa kuamka siku moja akapanda basi peke yake, na ule mlima ungemwangusha. Ndipo nikapata wazo langu kubwa: nimchoree ziwa lake, nilichapishe kwenye kitambaa, nilitundike ukutani chumbani kwake, naye atatulia. Ile picha ya simu ningeweza kuichapisha siku hiyo hiyo, lakini picha ya simu haina kina. Mwalimu wangu wa mtandaoni alikuwa amelisema hilo, dirisha la nyuma yake likionyesha theluji.

Nikachora. Visiwa vya mbali nikavipausha na kuvitia bluu kidogo, kwa sababu hewa hula rangi ya vitu vilivyo mbali. Maji nikayajenga tabaka juu ya tabaka. Picha ya simu ilikuwa ya asubuhi, na asubuhi niliona haina heshima ya kutosha, kwa hiyo nikalishusha jua mpaka karibu na maji ikawa jioni. Kilichonipa kiburi kabisa ni lile jiwe bapa mbele ya mlango. Kwenye picha lilikuwa na sehemu nyeupe iliyong'aa, nami nikajua kuwa ni mwanga unaorudi kutoka kwenye jiwe. Nikaupaka dhahabu, nikalainisha kingo zake, nikauongeza. Mke wangu aliponiita kula nilimjibu kwamba nashughulika na mwanga. Akala peke yake.

Jumapili baada ya ibada, kabla hata ya kuichapisha, nikaenda Misungwi. Nikamwamkia mama, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni. Nikamwekea kishikwambi mapajani, nikasubiri machozi. Nilikuwa nimeandaa hata cha kumwambia akilia, kwamba si kitu, mama, ni kipaji tu.

Alikisogeza karibu na macho. Kisha akapeleka kidole mpaka kwenye ule mwanga wangu.

"Jua linazama," alisema, "na michembe yangu bado iko nje. Hamkuianua?"

Nikainama kutazama. Hata baada ya dhahabu yangu yote, vipande vilionekana vimepangwa safu kwa safu, vilevile alivyovipanga asubuhi ile sisi tukifunga magodoro. Nimekula michembe tangu nilipoota meno. Utotoni nilitumwa kuianua kila jioni kabla umande haujaingia. Na bado niliiona mbele ya macho yangu nikadhani ni nuru. Dada alitoka nje akachekea huko. Mimi niliona aibu kwanza, halafu nikaumia kweli, kwa sababu swali lile mama alikuwa amelibeba tangu siku ya gari.

"Hatukuianua, mama," nilisema.

"Basi ianue."

Nikatoa kalamu, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake, nikaanza kufuta. Sehemu nzuri kuliko zote katika maisha yangu ya uchoraji ikaondoka kipande kwa kipande, naye akisimamia, akinionyesha iliyobaki pembeni, akinikataza kuharakisha nisije nikaivunja. Jiwe likabaki jiwe la kawaida, jeusi kidogo, na picha nzima ikapooza. Yule mwalimu wa kwenye theluji angenifukuza darasani.

Mama akalitazama lile jiwe tupu, akaridhika. Kisha akamwita dada, akamwambia afungue begi amtolee kisu chake, na kama kuna viazi vitamu jikoni avilete.