Siku Niliyokaa Mkia

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Mama alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajafika mlangoni, nami sina sababu ya kumbishia. Halafu Mungu akanikuza katika miaka ya foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya khanga, na siku nyingine unapanga mstari kwanza ndipo unauliza wanauza nini. Nilisimama mno katika ujana wangu. Basi nilipopata baiskeli, niliipanda kwa kisasi. Mbele kukiwa na mtu, lazima nimpite. Simjui, hanijui, lakini nampita.

Ndiyo sababu nilijiunga na chama cha baiskeli pale Tanga, na ndiyo sababu wenzangu walinichoka mapema.

Tulikuwa kumi na wawili, wengi wetu wa Mabawa na mitaa ya jirani: makuli wa bandarini, mafundi, karani, na Mhindi mmoja mwenye duka la vyombo ambaye hakuanza safari bila visheti mfukoni. Nahodha wetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole hadi anaudhi. Jumapili moja moja tulikwenda mbali, Muheza au Maramba, na sharti la chama lilikuwa moja tu: tunatoka pamoja, tunafika pamoja. Mtu wa nyuma kabisa tulimwita mkia. Mkia ndiye aliyebeba pampu, kwa kuwa pampu nzima ilikuwa moja kwa watu wote, na yeye hapaswi kumwacha mtu nyuma yake. Nahodha akitaka kujua kama tumekamilika, alipiga firimbi na kuita, "Mpoo?" Wito ulipokewa mdomo kwa mdomo mpaka nyuma. Mkia anajibu, "Tupo!" Jibu linarudi mbele vivyo hivyo, na safari inaendelea.

Mgeni atadhani "tupo" ni jibu la watu wengi. Kwetu sivyo. Umkute mtu peke yake barazani, mke kaenda sokoni, watoto wako chuoni, umwulize, "Upo?" Atakujibu, "Tupo." Ndivyo tulivyolelewa, na anayesema "nipo" anasikika kama mtu anayejiona. Miaka yote ya chama hakuna aliyefikiri kwamba jibu hilo lina tundu.

Mwaka ninaousema, mambo ndiyo kwanza yanaanza kufunguka. Vitu vilianza kurudi madukani, mitumba ikajaa, na ukiletewa kitu kutoka Mombasa huna haja tena ya kukificha chini ya kitanda. Mie kaka yangu baharia aliniletea tairi mbili mpya. Wallahi nilizilaza chumbani siku mbili kabla sijazifunga, nikizinusa tu. Wenzangu wengi walikuwa bado na tairi za miaka ya shida, kiraka juu ya kiraka.

Mwenye tairi mbaya kuliko wote alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, mwenye cherehani yake barazani Mabawa. Tairi yake ya nyuma ilipasuka ubavuni, akaishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu, mishono midogo midogo iliyonyooka kama ya kola ya kanzu. Tulimcheka hadi basi. "Fundi, umesahau kifungo!" Naye anacheka nasi. Safari ndefu alikuwa haendi. Hii ya Moa, kijiji cha pwani kaskazini mwa Tanga, aliiomba mwenyewe.

Huko Moa alikuwa na binti. Alimwacha mama wa binti huyo, mtoto akiwa bado mdogo, akaja mjini na kuoa mke mwingine, na tangu hapo kule Moa walisema amemtupa mwanawe. Kila sikukuu alimshonea gauni na kumpelekea kwa mkono wa watu. "Nguo zimefika, mimi sikufika," alituambia barazani, na hakujitetea zaidi ya hapo. Sasa binti anaolewa, na walii wake, yaani mwenye haki ya kumwoza, ni baba. Kwa kuwa usafiri ulikuwa wa mashaka, alikuwa keshampa idhini mdogo wake aishiye hukohuko: sheikh akifika mimi sijafika, oza wewe. Lakini moyo wake haukutaka hivyo. Alitaka aukamate mkono wa bwana harusi yeye mwenyewe, aseme kwa kinywa chake, nimekuoza binti yangu.

"Watu waone," alisema. "Na yeye huko ndani asikie sauti yangu."

Nikaha ilikuwa Jumapili baada ya sala ya adhuhuri. Sheikh asingeweza kungoja, maana alasiri alikuwa na nikaha nyingine kijiji kingine. Basi la njia ile lilikuwa bovu wiki ya pili. Nahodha akasema, "Twendeni sote. Tutamfikisha."

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe una nguvu, una tairi mpya. Leo utakaa mkia, na fundi. Usimwache."

Nilinuna. Nasema kweli, nilinuna. Tairi mpya, barabara ndefu, eti nikae nyuma nimchunge mzee.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Mpaka Amboni mambo yalikuwa mazuri, fundi amepanda kwa bidii, kanzu yake mpya ameifunga kwenye keria ndani ya mfuko. Tukavuka mto, tukaingia kwenye mashamba ya mkonge, na hapo pumzi yake ikaanza kusikika. Vumbi la wenzetu lilitukalia usoni. Kilima kidogo tu, fundi anashuka na kusukuma. Tukifika juu anataka maji. Akishakunywa anataka mazungumzo.

"Mwanangu, jifanye wewe bwana harusi."

"Nijifanye nani?"

"Bwana harusi. Nataka kuyazoea maneno yasije yakanipotea. Nimekuoza binti yangu kwa mahari mliyokubaliana. Haya, itikia."

"Nimekubali," nikasema, huku macho yangu yako kwa wenzetu wanaopotelea kwenye kona.

"Hivyo ndivyo watu wanavyokubali mke? Itikia kiume!"

Aliniozesha mara tano njiani, kama si sita. Miguu iliniwasha. Nilizungusha pedali kinyumenyume, nikapiga kengele bila sababu, nikaenda mbele hatua ishirini na kurudi. Kila nikirudi namkuta anatabasamu na jasho linamtiririka. Mwenda pole hajikwai, aliniambia. Loo, msemo huo! Nimeusikia tangu utotoni mpaka masikio yameota sugu.

Kisha akatupita kijana mmoja na tenga la nazi. Baiskeli yake ilikuwa mkweche, haina hata breki, anasimamisha kwa kandambili. Akatutazama toka juu mpaka chini.

"Wajomba, mnasindikiza jeneza?" akauliza, akacheka, akaenda zake.

Basi. Nikahisi damu imenipanda kichwani. "Fundi, nakuja," nikamwambia. Sisi tukiondoka ndiyo tunasema tunakuja.

"Nenda, kamshike," alisema, naye anacheka. "Ila usiende mbali."

Nilimpita yule wa nazi kabla ya kona. Nikamtolea na maneno ambayo siyaandiki. Hapo ningesimama. Lakini barabara iliteremka, upepo ukaingia ndani ya shati, tairi zangu zikaanza kulia ule mlio wao wa mpira mpya, nami nikajiambia mpaka pale kwenye daraja dogo tu. Kutoka darajani nikawaona wenzangu. Nikajiambia niwaguse tu, nirudi.

Nilipowafikia, firimbi ikalia. "Mpoo?"

"Tupo!" nikajibu.

Ulimi ulijibu wenyewe. Hilo nitalisema hata mbele ya Mungu, ulijibu kama unavyojibu barazani, na mimi nilikuwepo kweli. Lakini mdomo haukufungwa kwa gundi. Ningeweza kuongeza neno moja tu, fundi yuko nyuma, na sikuliongeza. Nahodha hakugeuka. Vumbi lilikuwa jingi na kona nyingi, hata angegeuka asingeona kitu. Tukaendelea. Nikajiambia yuko hapo hapo nyuma ya kona, anakuja na mazungumzo yake.

Baada ya muda firimbi ikalia tena. "Mpoo?" Nikageuka nikatazama. Barabara ilikuwa tupu mpaka macho yanapofika. Nikajibu, "Tupo!"

Mara ya pili haukuwa ulimi. Nilijua ninachosema.

Kwenye njia panda ya Moa nahodha alisimama na kuhesabu vichwa. Kumi na mmoja. Akahesabu tena.

"Fundi yuko wapi?"

"Nyuma kidogo."

"Kidogo vipi? Nimeita mara mbili. Ukasema mpo."

Mhindi wa vyombo akatazama saa yake, akatema kokwa ya ukwaju, akasema, "Ala! Sasa huyu mtu mzima mmemwacha porini?" Nahodha hakunikemea. Laiti angenikemea. Aliwaambia wawili warudi nami, na yeye mwenyewe akakata njia kwenda Moa kumwomba sheikh avute muda.

Nilirudi mbio, na kila kona niliyoipita alikuwa hayupo. Sikujua nimekwenda mbali kiasi kile. Tulimkuta anatembea, anasukuma baiskeli, tairi ya nyuma imefunguka mshono wote na mpira wa ndani umetoka nje. Alikuwa keshavaa kanzu. Aliivaa njiani ili akifika asipoteze muda wa kubadilisha nguo, na pindo lake lote lilikuwa jekundu kwa vumbi. Pampu na viraka vilikuwa kwenye keria yangu, tangu alfajiri.

"Nilikuita," alisema. "Nikadhani umesimama mahali unanisubiri."

Tairi ile haikuwa ya kutiwa kiraka tena. Niliwaachia wenzangu baiskeli yake, nikampakia kwenye keria yangu, na uzito wake wote, na kanzu yake ameikusanya mapajani. Sijawahi kupanda vile, kabla wala baada. Mapaja yaliungua, jasho likaniingia machoni, nikawa nasema, "Tunafika, fundi, tunafika." Hakuyakariri tena maneno yake. Nilisikia tu pumzi yake mgongoni kwangu.

Tulipoingia Moa, kabla hatujaiona nyumba, tulisikia vigelegele.

"Nishushe," alisema.

"Bado kidogo, fundi, huenda—"

"Nishushe, mwanangu. Mke keshaolewa."

Akashuka, akakung'uta pindo la kanzu, akaenda kwa miguu. Mdogo wake alitoka mbio kumpokea, karibu alie. Sheikh alingoja kiasi alichoweza, alisema, nahodha wetu aliomba mpaka akaona haya, lakini ndio hivyo, ameondoka. Wazee barazani walimpokea kwa shikamoo na marahaba za haki, wakampisha mkekani. Ila mmoja, ndugu wa mama yake bibi harusi, hakuweza kujizuia. "Shemeji, asiyekuwapo na lake halipo," akasema. Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kutazama chini. Fundi naye alicheka. Aliletewa sinia la pilau, akalisogeza kwetu sisi.

Baadaye binti akatolewa kumwamkia baba yake, hina mikononi bado mbichi, mashangazi wamemzunguka. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alitaka kusema mengi, nilimwona. Yaliyomtoka yalikuwa haya: "Tairi ilipasuka."

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama unavyomkubalia mtoto aliyevunja kikombe na kumsingizia paka. "Haidhuru, baba. Ami ameniozesha vizuri."

Sikuweza kukaa. Nilisimama katikati ya watu, na jasho langu na vumbi langu. "Dada, si yeye," nikasema. "Ni mimi. Mimi nilipewa nimlinde, nikamwacha porini, pampu nikaenda nayo. Nahodha akaita mara mbili, nikajibu tupo, naye hayupo. Amekuja kwa miguu na kanzu mwilini. Wallahi alikuwa anakuja! Njia nzima alikuwa anakariri maneno ya kukuoza, mimi ndiye niliyekuwa bwana harusi!"

Kicheko kikapasuka. Hata mashangazi walicheka. Kusema kweli, kwa nilivyosema, hata mimi ningecheka.

Binti hakucheka. Alinitazama kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko hasira. "Ahsante, kaka," aliniambia. "Una adabu. Mama alikuwa akiniambia, baba yako rafiki zake ni watu wema sana. Tangu zamani. Kila asipofika, hakosi mmoja wa kuja kutueleza kwa nini."

"Si hivyo, dada, mimi nasema—"

"Nimesikia, kaka. Na Mungu akulipe kwa kumsitiri baba yangu." Akainuka, akaingia ndani na mashangazi zake, na pazia likaanguka.

Nilimgeukia nahodha. "Mwalimu, waambie! Si ulisikia nikijibu?"

"Nilisikia," alisema nahodha. "Nilisikia mpo."

Nikageuka kwa wazee, nikaanza upya, tangu Amboni, tangu yule kijana wa nazi, na sauti yangu inapanda. Fundi akanivuta shati.

"Kaa, mwanangu," aliniambia taratibu. "Kila ukizidi kusema, mimi ndiye ninayezidi kuonekana mwongo."

Nikakaa. Yeye akaomba maji ya kunywa, akanywa yote, akauliza kama kuna mtu mwenye uzi wa nyavu na sindano.