Viatu Vyekundu vya Shangazi

Kila nikisikia harufu ya mchaichai kwenye mkahawa wa Kithai, naviona viatu vyekundu vya shangazi juu ya busati la mama.

Alikuwa ametoka Thailand, siku kumi tu za kuzurura na kamera shingoni. Akaja kwetu Wembley na albamu ya picha na pakiti ya mchaichai mkavu, utadhani kwao mama Mombasa haukuota nyuma ya jiko. Pale mlangoni aliviruka viatu vyetu vyote, akaingia na vyake hadi sebuleni, kwenye busati ambalo mama aliswalia.

Tukaonyeshwa masoko. Tukaonyeshwa magofu, akayasifu kama aliyejenga yeye. Kisha hekalu.

"Wifi, wale watu wana heshima! Huingii na viatu, ng'o. Mimi nilivua hata kabla sijaambiwa."

Kwenye picha alikuwa amepiga magoti, miguu mitupu. Mama aliitazama sana, kisha akatazama chini.

"Kumbe kuvua unajua, wifi."

Shangazi akacheka, akafunua ukurasa mwingine, kisigino kikizidi kudidimia pale mama alipokuwa akiweka paji la uso.